Nathanael Herreshoff: fundi aliyeshinda kwa mitumbwi miwili, kisha akafungiwa mlango

Usiku, kwenye ziwa Kivu, taa za wavuvi wa sambaza zinaonekana kutoka Bukavu hadi Goma. Mitumbwi yao haitembei mmoja mmoja. Ni mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu. Kwenye ziwa Tanganyika, upande wa Uvira, Baraka na Kalemie, wavuvi wa ndagala nao wanaunganisha mitumbwi miwili, na chombo hicho watu wa uvuvi wanakiita katamarani. Sababu ni moja: mtumbwi mmoja mwembamba unapinduka kwa urahisi, lakini miwili iliyoshikana inasimama imara juu ya maji.

Karibu miaka 150 iliyopita, fundi mmoja wa Marekani alichukua wazo hilo hilo, si kwa ajili ya kuvua samaki bali kwa ajili ya kukimbia. Jina lake ni Nathanael Greene Herreshoff. Alifariki mwaka wa 1938, na hadi leo watu wa mashua za matanga wanamhesabu kati ya mafundi wakubwa kuliko wote waliowahi kuishi. Lakini chombo cha kwanza kilichomfanya ajulikane kilishinda mashindano na kunyang'anywa ushindi baadaye.

Maisha yake yote yanazunguka swali ambalo wajenzi wa mashua wanaliuliza hata sasa: namna gani ya kujenga katamarani yenye mbio kali, nyepesi na imara, bila bei yake kuwa ya matajiri peke yao?

Macho ya kaka yake

Nathanael alizaliwa tarehe 18 machi 1848 katika mji mdogo wa Bristol, jimbo la Rhode Island, kaskazini-mashariki ya Marekani. Ni mji wa bahari. Sehemu kubwa ya utajiri wa zamani wa Bristol ilitoka katika biashara ya watumwa waliochukuliwa Afrika, na familia ya Herreshoff yenyewe haikuwa mbali na historia hiyo. Baba wa nyanya yake, John Brown wa Providence, alikuwa tajiri wa meli aliyefanya biashara ya watumwa. Kufika wakati Nathanael anazaliwa, mali hiyo kubwa haikuwa tena mikononi mwa wazazi wake. Waliishi karibu na maji, na watoto walikua wakicheza na mashua.

Nyumbani kulikuwa watoto tisa, na ugonjwa wa macho uliwapata zaidi ya mmoja. Kaka yake John, aliyemzidi miaka saba, alipoteza macho yote mawili akiwa kijana wa miaka kama 15. Wengi wangemwona kama mtu aliyekwisha, wa kukaa pembeni na kusaidiwa. John hakukubali. Aliendelea kujenga mashua kwa kupapasa mbao kwa vidole, na mdogo wake Nathanael akawa macho yake. Mtoto alimwongoza, alimsomea, alimpimia, na akajifunza kueleza umbo la mashua kwa maneno yaliyo wazi kabisa kwa mtu asiyeona.

Kazi hiyo ya utoto ilimfundisha Nathanael mambo mawili. La kwanza ni kupima kitu kabla ya kukisema. La pili ni kufikiri kwa mikono. Maisha yake yote, kabla ya kuchora mashua kwenye karatasi, alichonga kwanza mfano mdogo wa mti, nusu ya mashua kwa urefu wake. John aliuchukua mfano huo mikononi, akaupitisha vidole toka mbele hadi nyuma, na akajua kama umbo ni zuri au lina kasoro. Baadaye vipimo vilitolewa kwenye kile kipande cha mti na kukuzwa hadi kuwa mashua nzima.

Mwaka wa 1866 Nathanael aliingia Massachusetts Institute of Technology, chuo ambacho wakati huo kilikuwa bado kichanga mjini Boston, akasoma uinjinia wa mashine kwa miaka mitatu. Mwaka wa 1869 alipata kazi ya kuchora mashine katika kampuni ya Corliss mjini Providence, iliyotengeneza mashine za mvuke zilizosifiwa kila mahali. Mshahara ulikuwa wa hakika. Mchana alichora mashine, na saa zilizobaki alizitumia kwa mashua.

Hesabu ya mbio

Katika wakati ule, mashua ya mashindano ilikuwa na mwili mmoja. Ili isipinduke upepo unapoyapiga matanga, ilibidi kuwa pana sana, au kubeba uzito mwingi chini: mawe, chuma au risasi. Uzito huo unasimamisha mashua, lakini ni mzigo ambao upepo lazima uusukume kila hatua. Tena mashua nzito inainua wimbi mbele na nyuma yake, na wimbi hilo linaifunga. Hata ukiongeza matanga, mbio inafika mahali haipandi tena.

Herreshoff aliona mlango mwingine. Badala ya kutafuta utulivu kwa uzito, aliutafuta kwa upana. Mitumbwi miwili myembamba ikiwekwa mbali kidogo, mmoja kushoto na mwingine kulia, inashikana mkono kama watu wawili wanaovuka mto. Upepo ukitaka kuilaza mashua, mtumbwi wa upande mmoja unazuia kwa kukataa kuzama, na wa upande mwingine unavuta kwa uzito wake. Hakuna haja ya risasi. Na kwa kuwa kila mtumbwi ni mwembamba sana, unakata maji bila kuinua wimbi kubwa.

Wazo lenyewe halikuwa jipya duniani. Watu wa visiwa vya bahari ya Pasifiki walisafiri maelfu ya kilometa kwa mitumbwi pacha karne nyingi kabla ya Wazungu kufika kwao. Jina katamarani linatoka katika lugha ya Kitamil, kusini mwa India, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Kwenye pwani ya Afrika ya mashariki, ngalawa yenye mbawa mbili za mti pembeni inafuata akili hiyo hiyo. Kitu ambacho Herreshoff alileta ni hesabu ya uinjinia, na jibu kwa shida moja kubwa.

Shida hiyo ni mawimbi. Mtumbwi wa kushoto unapopanda wimbi, wa kulia pengine unashuka. Miti inayoiunganisha inapindwa kama nguo inayokamuliwa. Ukiifanya miti hiyo iwe minene ili isivunjike, uzito unarudi na mbio inapotea. Ukiifanya iwe myembamba, itavunjika katikati ya maji. Herreshoff hakuchagua kupigana na nguvu hiyo. Aliweka viungo vya chuma vinavyozunguka, mfano wa bega la mtu, kati ya miti na mitumbwi. Hivyo kila mtumbwi uliweza kuinua na kushusha pua yake peke yake, bila kuupinda ule mwingine.

Mashua hiyo ya kwanza aliiita Amaryllis. Urefu wake ulikuwa kama meta saba na nusu. Aliimaliza mwaka wa 1876, akiwa na umri wa miaka 28.

Juni 1876: ushindi uliofutwa

Mwaka ule Marekani ilikuwa inasherehekea miaka 100 ya uhuru wake. Mjini Philadelphia kulifunguliwa maonyesho makubwa ya dunia, na mashine kubwa ya mvuke ya Corliss ndiyo iliyoendesha mashine nyingine zilizoonyeshwa pale. Herreshoff alikuwa kati ya watu wa kampuni waliohusika na kazi hiyo. Mjini New York, kwa sherehe hiyo hiyo, kuliandaliwa mashindano ya mashua mwezi wa juni, na Amaryllis iliandikishwa katika kundi la mashua ndogo.

Watazamaji waliona chombo ambacho hawakukizoea, mfano wa buibui juu ya maji. Mwanzoni, upepo ukiwa hafifu, hakikuwatisha wengine. Upepo ulipopata nguvu, mambo yaligeuka. Amaryllis ilizipita mashua moja baada ya nyingine, kati yao zile zilizojengwa na mafundi wenye majina, na ikafika mbele ya kundi lake.

Walioshindwa hawakukaa kimya. Walipeleka malalamiko kwa waamuzi. Hoja yao ilikuwa kwamba kitu kile hakikuwa mashua ya namna iliyokusudiwa, na haikuwa haki kukipambanisha na mashua za kawaida. Waamuzi waliwasikiliza, Amaryllis ikaondolewa na ushindi ukafutwa. Magazeti ya New York yaliandika juu ya jambo hilo, na kila aliyekuwepo alijua ni chombo gani kilichokuwa na mbio zaidi siku ile.

Walalamikaji hawakuwa watu wabaya tu wenye wivu. Mashindano ya mashua yanategemea sheria za vipimo, na Herreshoff mwenyewe alilijua hilo vizuri, kwa sababu toka ujana wake alifanya hesabu za kulinganisha mashua ndefu na fupi ili zishindane kwa haki. Sheria za wakati ule zilipima urefu wa mashua, na hazikujua namna ya kupima chombo chenye miili miwili. Lakini badala ya kutafuta kipimo kipya, wakubwa wa vilabu walichagua njia rahisi. Walifunga mlango. Kwa miaka mingi sana iliyofuata, katamarani haikupata nafasi katika mashindano ya kawaida.

Kwa nini katamarani haikuuzwa

Herreshoff hakuacha mara moja. Tarehe 10 aprili 1877 serikali ya Marekani ilimpa hati ya kulinda uvumbuzi wake. Alijenga katamarani nyingine, kati yao Tarantella na John Gilpin, na aliandika katika gazeti kueleza namna zinavyokwenda na kwa nini zina mbio. Kufuatana na maelezo yake, katika upepo mzuri zilipita kilometa 25 kwa saa, mbio ambayo mashua nyingine ndogo za matanga hazikuweza hata kuiota.

Lakini baada ya miaka michache tu, ujenzi ulikwisha. Sababu zake ni somo kwa kila mtu anayetaka kutengeneza kitu kizuri na kukiuza kwa bei ambayo watu wataiweza.

Sababu ya kwanza ni kazi yenyewe. Mashua ya kawaida ina mwili mmoja. Katamarani ina miwili, na kila mmoja unahitaji mbao zake, misumari yake, rangi yake na siku zake za fundi. Juu ya hapo kuna miti ya kuunganisha, nyaya za kukaza, usukani mara mbili, na vile viungo vya chuma vilivyotakiwa kutengenezwa kimoja kimoja kwa mkono na kuangaliwa kila mara. Chombo kilikuwa chepesi, lakini wepesi wake ndio uliogharimu. Mbao nyembamba hazisamehe kosa la fundi, na ili zisivuje ilibidi kila unganiko liwe safi kabisa.

Sababu ya pili ni soko. Mtu aliyenunua mashua ya mashindano alitaka kushindana. Katamarani ilikatazwa, basi mnunuzi angeshindana na nani? Alibaki na chombo cha kutembeza tu, chenye bei ya mashua mbili na kisicho na mahali pa kwenda. Na bila wanunuzi wengi, fundi hawezi kujenga mashua 20 zinazofanana, na bila kurudia kazi ile ile, bei haishuki. Sheria moja ya vilabu ilitosha kuifanya katamarani iwe ya bei kali.

Sababu ya tatu ilikuwa John. Kaka asiyeona alikuwa na kichwa cha biashara kisicho cha kawaida. Inajulikana kwamba aliweza kuhesabu bei ya mashua nzima kichwani, toka mbao hadi misumari. Na hesabu ilionyesha kwamba pesa ilikuwa katika mashine za mvuke. Mwaka wa 1878 ndugu hawa wawili waliunganisha nguvu na kuanzisha kampuni ya Herreshoff Manufacturing. Nathanael aliacha mshahara wake wa Corliss, akarudi Bristol. Mvuke ulilisha familia na mafundi wa kiwanda, na katamarani zikabaki kando.

Kosa lililoua mtu

Kampuni ilikua haraka. Ilijenga mashua nyepesi za mvuke zenye mbio, na jeshi la maji la Marekani likawa mteja wake. Stiletto, iliyojengwa mwaka wa 1885, ilinunuliwa na jeshi hilo kwa kurusha topido.

Lakini njaa ya mbio ilimpeleka pabaya. Mwaka wa 1888 alikuwa akisimamia majaribio ya mashua ya mvuke iliyoitwa Say When. Mvuke ulizidi, na vali ya usalama ikafunguka kuutoa, kama ilivyotengenezwa kufanya. Herreshoff aliifunga ili mashua ifikie mbio iliyotarajiwa. Tangi la mvuke likapasuka, na mfanyakazi mmoja aliumizwa hadi kufa. Herreshoff alinyang'anywa ruhusa yake ya kuendesha mashine za mvuke.

Tukio hilo haliwezi kuachwa katika historia yake. Mtu yule yule aliyekataa kupigana na nguvu ya mawimbi, akaiwekea viungo ipite, siku ile alipigana na nguvu ya mvuke, na mwingine ndiye aliyelipa. Baada ya hapo kazi yake kubwa ilirudi kwenye matanga.

Mshindi wa matajiri

Mwaka wa 1891 alitoa mashua iliyoitwa Gloriana, ambayo ilishinda karibu bila mpinzani na kubadilisha namna watu walivyochora pua ya mashua. Matajiri wakaanza kupanga mstari Bristol. Kwa nini? Kwa sababu ya kombe moja.

Kombe la America, lenye jina la mashua iliyolishinda Uingereza mwaka wa 1851, lilikuwa fahari ya klabu ya New York. Kila mara Waingereza walipokuja kulitafuta, Wamarekani walijenga mashua mpya ya kulitetea. Kuanzia mwaka wa 1893 hadi 1920, mashua zote zilizolitetea zilitoka mikononi mwa Herreshoff: Vigilant, Defender, Columbia iliyoshinda mara mbili, Reliance na Resolute. Ni mashua tano, ushindi mara sita, bila kushindwa hata mara moja.

Mara nne kati ya hizo, aliyeshindwa alikuwa Thomas Lipton, mfanyabiashara wa chai ambaye jina lake liko hadi leo kwenye vikaratasi vya chai katika maduka ya dunia nzima. Lipton alikuja na Shamrock ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne, na kila mara alirudi nyumbani mikono mitupu.

Katika mashua hizo Herreshoff hakuhesabu bei. Defender ya mwaka wa 1895 ilijengwa kwa shaba nyeusi chini na aluminiamu juu ili iwe nyepesi. Ilishinda, lakini maji ya chumvi yalianza kuila pale metali hizo zilipokutana. Reliance ya mwaka wa 1903, iliyolipiwa na kundi la matajiri akiwemo Cornelius Vanderbilt, ilibeba matanga ya meta za mraba zipatazo 1,500 na mabaharia zaidi ya 60. Ilikimbia msimu mmoja tu. Miaka kumi baadaye ilivunjwa na kuuzwa kama vyuma vya zamani.

Hapo ndipo mambo yanaonyesha upande wao mchungu. Chombo chake cha pesa kidogo, kilichojengwa na kijana mwenye mshahara, kilifukuzwa kwa sababu kilikimbia kuliko vingine. Chombo kilichomeza utajiri na kufa baada ya msimu mmoja kilipokelewa kwa heshima, kwa kuwa kiliandikwa ndani ya sheria.

Mashua ya watoto

Hata hivyo, Herreshoff huyo huyo aliacha jibu la swali la bei, ingawa si kwa katamarani. Katika kiwanda cha Bristol, mashua zilijengwa zikiwa zimegeuzwa, tumbo juu. Kwa kila ubavu wa mashua kulikuwa na kielelezo chake, na mbavu zilipindwa kwa mvuke juu ya vielelezo hivyo. Mashua ya kwanza ikishatoka, vielelezo vinabaki, na ya pili inafuata ikiwa sawasawa na ya kwanza. Fundi harudii kupima, mbao hazipotei, siku zinapungua.

Mwaka wa 1914 aliombwa mashua ndogo ya kufundishia watoto katika ghuba ya Buzzards, ambako upepo ni mkali na mawimbi ni mafupi. Alichora mashua yenye urefu wa meta karibu nne kwenye mstari wa maji. Katika miaka iliyofuata kiwanda kilijenga zaidi ya 300 za namna hiyo. Kwa kuwa zilifanana zote, watoto walishindana kwa ujuzi wao na si kwa pesa za baba zao. Mashua za umbo hilo zinajengwa na kuendeshwa hadi leo.

John alifariki mwaka wa 1915. Bila yeye, biashara ilipoteza kichwa chake, na mwaka wa 1917 kampuni ikauzwa kwa kundi la wenye pesa. Mwaka wa 1924 ilipigwa mnada, na mnunuzi kutoka Bristol akaendelea nayo. Nathanael, mtu wa maneno machache ambaye wafanyakazi walimwita Kapteni Nat, alibaki na vyombo vyake vya kuchongea na mashua zake. Mke wake wa kwanza, Clara DeWolf, alikuwa amefariki mwaka wa 1905 baada ya kuzaa naye watoto sita. Wawili kati yao, Sidney na Francis, wakawa wachoraji wa mashua kama baba.

Katika uzee wake wazo la ujana lilirudi. Mwaka wa 1933, yeye akiwa na miaka 85, katamarani mpya ilijengwa Bristol, na Sidney akiwa mkono katika kazi hiyo. Iliitwa Amaryllis ya pili. Leo iko katika jumba la makumbusho ya Herreshoff, katika mji huo huo. Mzee alifariki tarehe 2 juni 1938, akiwa na miaka 90.

Mlango unafunguka

Alichokosa Herreshoff ni vitu viwili: vifaa vya bei nafuu na sheria ya kumpokea. Vyote viwili vilikuja baada ya kifo chake.

Vita vya pili vya dunia vilileta gundi isiyoogopa maji na mbao za tripleksi, zile mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka. Kwa vifaa hivyo, mtumbwi mwepesi haukuhitaji tena fundi wa miaka 20 ya kazi. Nchini Uingereza, ndugu wawili wa familia ya Prout walianza kwa kuunganisha mitumbwi miwili ya makasia na kuiwekea tanga, na kutoka hapo ikazaliwa katamarani iliyoitwa Shearwater katika miaka ya 1950. Watu waliweza kununua vipande na kuijenga nyumbani.

Mwaka wa 1967 Mwingereza Rodney March alichora Tornado, yenye urefu wa meta sita na kidogo. Huko California, Hobie Alter, mtengenezaji wa mbao za kuchezea mawimbi, alitumia nyuzi za kioo zilizolowekwa gundi ndani ya kalibu, na katamarani zake ndogo zikatoka kiwandani kama matofali. Za namna ya Hobie 16 peke yake zimejengwa zaidi ya 100,000. Hapo bei ilishuka mpaka mwalimu au fundi wa magari aliweza kuwa na katamarani ufukweni. Siri ilikuwa ile ile ya mashua za watoto wa ghuba ya Buzzards: umbo moja, kalibu moja, sheria moja kwa wote.

Mwaka wa 1976, miaka 100 kamili baada ya Amaryllis kufukuzwa New York, Tornado ilikimbia katika michezo ya Olimpiki ya Montreal. Kwa mara ya kwanza katamarani ilikuwa na haki ya kushinda medali.

Lakini ubishi haukwisha. Mwaka wa 1988 Wamarekani walitetea Kombe la America kwa katamarani dhidi ya mashua kubwa ya mwili mmoja kutoka New Zealand. Walishinda kwa urahisi majini, kisha wakashtakiwa mahakamani kwa hoja ambazo Herreshoff angezitambua mara moja. Mahakama ya kwanza iliwapa New Zealand kombe, na zile za juu zikalirudisha kwa Wamarekani. Na mwaka wa 2013, kombe liliposhindaniwa San Francisco kwa katamarani za urefu wa meta 22, gharama zilikuwa kali kiasi kwamba ni timu tatu tu zilizojitokeza kumpinga mwenye kombe.

Hivyo swali la kijana wa Bristol bado liko mezani. Mbio kubwa inataka wepesi, wepesi unataka vifaa na kazi ya makini, na vyote viwili vinataka pesa. Kila mara wajenzi walipofaulu kushusha bei, walifanya hivyo kwa kukubaliana umbo moja na kulijenga mara nyingi, na kwa kupata sheria inayowaruhusu kushindana. Nathanael Herreshoff alilijua jibu la kwanza akiwa mzee. La pili lilitegemea watu wengine, na walichukua miaka 100 kulitoa.